Kila ofisi ilikuwa na faili lake: uchambuzi wa kisa cha Victoria Climbié

Victoria Adjo Climbié alifariki dunia tarehe 25 Februari 2000 katika Hospitali ya St Mary's, London, akiwa na umri wa miaka minane. Daktari aliyeuchunguza mwili wake alihesabu majeraha 128. Alikuwa ameishi Uingereza kwa miezi kumi tu, na ndani ya miezi hiyo alipita mbele ya idara nne za ustawi wa jamii, idara tatu za nyumba, vitengo viwili vya polisi wa ulinzi wa watoto, kituo kimoja cha shirika la kutetea watoto la NSPCC, na hospitali mbili zilizomlaza kwa sababu madaktari walishuku kuna mtu anamuumiza.

Kisa hiki hufundishwa katika kozi za uuguzi na ustawi wa jamii Uingereza, na Waswahili wanaofanya kazi huko za kutunza wazee, wagonjwa na watoto hukutana nacho mapema kwenye mafunzo. Mara nyingi hufupishwa hivi: mtoto alijua Kifaransa, wahudumu walijua Kiingereza, kwa hiyo hawakuelewana. Ufupisho huo ni sahihi, ila unaficha sehemu nzito zaidi. Wahudumu wengi waliokutana na Victoria walizungumza Kiingereza wao kwa wao, wengine wakiwa wodi moja au jengo moja, na bado hawakuelewana. Mashaka ya kutosha kumwokoa mtoto huyu yaliandikwa, yakasemwa kwa simu, yakatumwa kwa faksi. Kila yalipotoka mkono mmoja kwenda mwingine yalipungua kidogo, mpaka yakafika mahali yamegeuka kuwa uthibitisho kwamba hakuna tatizo.

Alivyofika London

Victoria alizaliwa Novemba 1991 huko Abobo, karibu na Abidjan, Côte d'Ivoire, mtoto wa tano kati ya saba. Marie-Thérèse Kouao, shangazi wa baba yake, alikuwa akiishi Ufaransa. Mwaka 1998 alikuja nyumbani msibani, na aliporudi alitaka kuondoka na mtoto mmoja wa ukoo ili akamsomeshe Ulaya. Wazazi wa Victoria wakakubali. Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura hahitaji kuelezwa mpango huo. Nusu ya watu tunaowafahamu walisomeshwa na ndugu wa baba au wa mama mjini, na wengi wao wanashukuru. Uzuri wa desturi hiyo ndio uliowafanya wazazi wasiwe na sababu ya kushuku.

Kouao alikuwa amekusudia kumchukua binti mwingine, Anna, lakini wazazi wa Anna wakabadili nia. Kwa hiyo Victoria alisafiri kama Anna, binti wa Kouao, kwa pasipoti yenye picha ya mtoto mwingine. Walianzia Paris. Shule aliyosoma huko iliona utoro wake ukizidi, na mwanzoni mwa 1999 ikatoa taarifa rasmi kwamba mtoto yuko hatarini. Tarehe 24 Aprili 1999 wakavuka kwenda London. Taarifa ya shule ikabaki Ufaransa.

Kizuizi cha kwanza, basi, kilikuwa jina. Kila faili lililofunguliwa London lilimhusu Anna Kouao, mtoto anayeishi na mama yake mzazi. Mhudumu akikutana na mtoto wa kulelewa na ndugu huwa na maswali yake: wazazi wako wapi, nani ana mamlaka juu ya huyu mtoto, kwa nini hasomi? Akikutana na mama na binti yake hana sababu ya kuyauliza. Uongo wa Kouao ulikuwa sentensi moja tu, nao ulifunga mlango wa maswali yote hayo.

Ealing: mteja alikuwa nani?

Siku mbili baada ya kufika, Kouao alikwenda kuomba makazi katika manispaa ya Ealing. Alirudi tena na tena, na mara nyingi alikuwa na Victoria. Wafanyakazi waliona tofauti kati yao. Mama kavaa vizuri, kajipamba. Mtoto amekonda na nguo zake duni. Mmoja wao alikumbuka baadaye kwamba mtoto alimfanya afikirie picha za matangazo ya mashirika ya misaada. Mtu aliliona jambo akalifananisha hata na njaa, kisha akaendelea kujaza fomu ya nyumba.

Si kwamba wafanyakazi wale walikuwa na roho mbaya. Ofisi husikiliza kile ilichowekwa kukisikiliza. Kouao aliingia na swali la makazi, basi kila kilichosemwa kilichujwa kwa swali hilo: anastahili nyumba au hastahili? Mtoto aliyekaa kando alikuwa sehemu ya maelezo ya mwombaji, kama vile kipato chake na anwani yake. Hakuna aliyemuuliza chochote, kwa lugha yoyote. Shule hakwenda hata siku moja tangu alipofika Uingereza, na hilo nalo halikuwa swali la ofisi ya nyumba.

Mwezi Juni ndugu wa mbali aliyewaona alipiga simu ustawi wa jamii wa Brent, manispaa walimokuwa wamepangishiwa chumba, akieleza wasiwasi wake juu ya mtoto bila kujitambulisha. Simu hiyo haikufanyiwa kazi ipasavyo. Mwezi huohuo Kouao alikutana na Carl Manning, dereva wa basi, na mapema Julai yeye na Victoria wakahamia kwenye nyumba yake ndogo Tottenham, manispaa ya Haringey. Manning hakujua Kifaransa. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile mtu pekee aliyeweza kuongea na mtoto kwa lugha yake alikuwa Kouao. Kwa miezi iliyofuata Kouao ndiye aliyekuwa mkalimani wa maisha yote ya Victoria, bila mtu kumteua.

Utambuzi mmoja wenye kazi tatu

Tarehe 14 Julai 1999 Victoria alipelekwa Hospitali ya Central Middlesex. Aliyempeleka alikuwa binti wa mama aliyekuwa akimlea mchana, na wote wawili waliamini kwamba alama za mwilini mwake ni za kupigwa. Daktari wa watoto aliyempokea alishuku hivyohivyo, akamlaza. Polisi wakatoa amri ya ulinzi ya saa 72 ili asichukuliwe. Mpaka hapo mfumo ulikuwa umefanya kazi yake: mlezi kamwambia daktari, daktari kawaambia ustawi, ustawi na polisi wamechukua hatua siku hiyohiyo.

Jioni akaja daktari bingwa. Akamchunguza, akasema alama zimetokana na upele (scabies, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza) na mtoto kujikuna. Hakupata maelezo ya mtoto mwenyewe kwa lugha yake akiwa peke yake. Kesho yake daktari wa ngazi ya chini akaandika barua kwa ustawi wa jamii: bingwa ameona, ni upele, kwa hiyo suala la ulinzi wa mtoto halipo tena. Barua iliongeza kwamba wana tatizo la makazi na kwamba mtoto hasomi. Amri ikaondolewa, Kouao akamchukua mtoto.

Tazama kilichopotea njiani. Daktari wa kwanza alikuwa na shaka iliyojengwa juu ya alama nyingi za aina mbalimbali. Bingwa alikuwa na maoni ya kitabibu juu ya ngozi, na baadaye alieleza kwamba alitarajia ustawi wa jamii wafanye uchunguzi wao hata hivyo. Barua ilikuwa na uamuzi, usio na shaka ndani yake. Polisi na ustawi walipokea uamuzi, na kwa kuwa ulitoka kwa bingwa hawakuona sababu ya kuuliza ulifikiwaje. Bingwa alisubiri ustawi wachunguze, ustawi walisubiri bingwa aseme. Kila upande ulikuwa umeshazungumza na mwenzake, nao ukaridhika.

Ngazi za vyeo zilichangia. Katika hospitali nyingi, na sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hili vizuri, daktari mdogo hamwambii bingwa kwamba bado ana wasiwasi. Ananyamaza, anaandika alichoambiwa. Lakini hapa kulikuwa na ngazi ya pili, ya taaluma kwa taaluma: afisa ustawi aliona neno la kitabibu kuwa nje ya uwezo wake. Angeweza kuuliza swali la mtu wa kawaida kabisa, "Je, upele unaeleza alama zote, au baadhi tu?" Hata kama mtoto alikuwa na upele, swali hilo lingebaki.

Siku tisa baada ya kutoka hospitalini, tarehe 24 Julai, Victoria alilazwa Hospitali ya North Middlesex akiwa ameungua kichwani na usoni kwa maji ya moto. Kouao alikuwa na maelezo tayari: mtoto alijimwagia maji ya moto kutuliza mwasho wa upele. Utambuzi uliofuta alama za kwanza sasa ukaja kuthibitisha hadithi ya majeraha ya pili. Na mwanzoni mwa Agosti, afisa ustawi wa Haringey na askari wa ulinzi wa watoto walipopanga kwenda kukagua nyumba ya Manning, safari ikafutwa. Sababu? Waliogopa kuambukizwa upele. Hawakumpigia daktari hata simu moja kuuliza unaambukizwaje na mtu ajikinge vipi. Utambuzi uleule, mara ya tatu, ukaizuia nyumba isionekane.

"Anaweza kuruhusiwa"

Victoria alikaa North Middlesex karibu wiki mbili. Wauguzi walimpenda, na kwa maelezo yao alikuwa mtoto mchangamfu aliyefurahia kuvaa magauni na kuzunguka nayo wodini. Waliomwogesha waliona alama, mojawapo ikifanana na ya bizimu ya mkanda. Waliona pia kwamba Kouao akija kumtembelea, mtoto anabadilika: anaruka kitandani, anasimama wima kama askari, na safari moja alijikojolea. Kuna aliyefananisha uhusiano wao na wa bwana na mtumishi. Baadhi ya hayo yaliandikwa. Mengi hayakuandikwa, kwa sababu kila muuguzi alidhani mwenzake, au daktari, ameshayaandika.

Anayefanya kazi wodini anaijua hali hiyo. Zamu inabadilishwa saa moja jioni, unasimulia ya wagonjwa wote kwa mkupuo, na yale uliyoyaona kwa macho tu, ambayo hayana namba wala dawa, ndiyo ya kwanza kuachwa. Joto la mwili lina sehemu yake kwenye chati. Woga hauna.

Bingwa wa hospitali hii, tofauti na yule wa kwanza, alishuku mateso. Hata hivyo aliandika kwenye faili kwamba mtoto anaweza kuruhusiwa. Baadaye alieleza alichokusudia: majeraha yamepona vya kutosha, kimwili hana sababu ya kubaki kitandani, ulinzi wake utashughulikiwa na polisi na ustawi wa jamii. Waliosoma nje ya wodi walielewa kwamba hospitali haina wasiwasi naye. Maneno yale yana maana mbili hata kwa Kiswahili, na mgonjwa yeyote aliyewahi kusubiri kuruhusiwa huku bili haijalipwa anajua kwamba kuruhusiwa na daktari na kutoka hospitali ni mambo mawili. Tarehe 6 Agosti Victoria akakabidhiwa kwa Kouao.

Bingwa hakutulia. Aliandika barua mbili kwa mshauri wa ulinzi wa watoto wa Haringey, Agosti na mwanzoni mwa Septemba, akirudia wasiwasi wake na kuuliza kinachoendelea. Mshauri alisema baadaye kwamba alimfikishia afisa mwenye faili. Afisa akasema hakufikishiwa. Wakati barua zinaandikwa mtoto alikuwa hai, na hapo ndipo mimi huona kisa hiki kinapouma kuliko kwingine kote. Daktari alishatambua tatizo, akaliandika kwa wino, akalituma kwa mtu sahihi. Ila kutuma kulihesabiwa kuwa ni kufikisha. Hakukuwa na utaratibu wa kumlazimisha mpokeaji kujibu, wala wa kumstua mtumaji asipojibiwa.

Heshima, au woga?

Afisa ustawi aliyekabidhiwa faili la Victoria huko Haringey alimwona mara nne. Dakika zote za mara hizo nne zikijumlishwa hazifiki nusu saa. Hakuwa na uzoefu mrefu, mafaili yake yalizidi kiwango kilichowekwa, na msimamizi wake hakulisoma faili kwa makini. Mambo hayo matatu yana uzito na sitaki kuyapita kana kwamba mtu mmoja ndiye aliyemwangusha mtoto.

Lakini kuna maelezo yake moja kwenye uchunguzi wa serikali ambayo kila mhudumu mwenye asili ya Afrika angepaswa kuyatafakari. Aliposikia kwamba mtoto husimama wima mbele ya Kouao, alichukulia kuwa ni jambo la kawaida katika familia za asili ya Karibea na Afrika, ambako utii kwa wazazi hupewa nafasi kubwa. Wazazi wa Victoria walipoulizwa walisema hapana. Nyumbani kwao mtoto hakuwa akitakiwa kusimama hivyo mbele ya mtu yeyote.

Ni kosa lililovaa nguo za uungwana. Mhudumu alijitahidi asihukumu utamaduni wa watu, na katika kujitahidi huko akawapachika watu wa Abidjan utamaduni aliowadhania. Karibea na Côte d'Ivoire haziko hata bara moja. Sisi tunajua watoto wanaopiga magoti kusalimia, wanaoitikia kwa kuinamisha kichwa, wanaotoa shikamoo kwa kila mkubwa wanayepishana naye njiani. Tunajua pia kwamba heshima haimfanyi mtoto ajikojolee. Mtu aliyelelewa kwenye heshima ya namna hiyo angeiona tofauti kwa kutazama mara moja. Mtu aliyeidhania tu aliziweka zote kapu moja. Na hata asiyejua kutofautisha alikuwa na njia ya kujua, nayo ni kuuliza.

Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi ule, aliligusia hili kwa uwazi: hofu ya kuonekana mbaguzi inaweza kumfanya mhudumu asichukue hatua ambayo vinginevyo angeichukua. Asiyejua lugha hujua kwamba haijui. Kudhani unaujua utamaduni ni kizuizi kigumu zaidi, kwa kuwa aliyenacho anahisi ameshaelewa.

Siku mawasiliano yalipofanikiwa

Ziara ya kwanza nyumbani, Agosti 16, ilitolewa taarifa mapema. Nyumba ilikuwa safi, mtoto amevaa vizuri, anacheza. Watu wazima walizungumza habari za makazi. Mtoto hakuzungumzishwa.

Ya pili ilikuwa Oktoba 28. Afisa alikwenda kumweleza Kouao kwamba ombi lake la nyumba limekataliwa, na katika kufafanua akamwambia kwamba manispaa hutoa makazi kwa watoto walio katika hatari kubwa tu. Victoria akaja juu, akamkaripia afisa kwamba hamheshimu yeye wala mama yake, na kwa nini hawapewi nyumba. Afisa aliona kwamba maneno yale si ya mtoto, amefundishwa. Aliona sawasawa, akaishia hapo. Mtoto aliyefundishwa maneno ana mwalimu, na mwalimu alikuwa ameketi palepale.

Siku nne baadaye, Novemba 1, Kouao alipiga simu kudai kwamba Manning amemnajisi Victoria. Ukiyatazama mawasiliano kama ujumbe unaotoka kwa mtu, unafika, unaeleweka na kuzaa tendo, basi haya ndiyo yaliyofanikiwa kuliko yote katika kisa kizima: ofisi ilieleza masharti ya nyumba, Kouao akaelewa masharti, akayatimiza. Kesho yake alirudi na kuyafuta madai. Tuhuma za namna hiyo, hata zikifutwa, zinataka mtoto aongee na watu wenye mafunzo, peke yake, kwa lugha anayoimudu. Uchunguzi ulianzishwa na haukukamilishwa. Baada ya Novemba 2 hakuna mhudumu aliyemwona tena Victoria mpaka siku alipokuwa anakufa.

Maafisa walibisha hodi mara kadhaa mwishoni mwa mwaka na Januari. Hakuna aliyefungua. Ikachukuliwa kwamba familia imerudi Ufaransa. Wakati huo Victoria alikuwa akilazwa ndani ya beseni la kuogea, kwenye bafu lisilo na joto, katikati ya majira ya baridi, amefungwa mikono na miguu ndani ya mfuko wa plastiki wa taka. Mchungaji mmoja aliyeletewa mtoto huyo aliamua kwamba ana pepo mchafu. Tarehe 24 Februari 2000 alifikishwa hospitalini joto la mwili likiwa nyuzi 27. Alikufa siku iliyofuata, na siku hiyohiyo Haringey ikafunga faili lake.

Kilichobadilishwa

Januari 2001 Kouao na Manning walihukumiwa kifungo cha maisha. Ripoti ya Lord Laming ilitoka Januari 2003 ikiwa na mapendekezo 108. Ilitaja nafasi 12 ambazo mamlaka zingeweza kuingilia kati, na kusisitiza kwamba hakuna hata moja iliyodai utaalamu mkubwa; mara nyingine ilihitajika tu msimamizi kufungua faili na kuuliza. Mwaka 2004 ikatungwa Sheria ya Watoto iliyozilazimisha taasisi kushirikiana katika kila eneo, na ikaanzishwa hifadhidata ya watoto wote wa England, ContactPoint, ili mhudumu aweze kuona ni ofisi zipi zinamfahamu mtoto. Ilianza kutumika 2009 na serikali mpya ikaizima 2010.

Kabla hata haijawashwa, Agosti 2007, mtoto mwingine alikufa kwa mateso katika manispaa ileile ya Haringey: Peter Connelly, umri wa miezi 17. Yeye na mama yake walikuwa Waingereza. Wahudumu walikuwa wamemwona mara 60 hivi. Siku chache kabla ya kifo chake alipakwa chokoleti usoni ili michubuko isionekane na afisa aliyekuja kumtembelea. Ndiyo maana sikubali kisa cha Victoria kiwekwe kwenye sura ya lugha peke yake. Ukiondoa Kifaransa, ukaondoa uhamiaji, ukaondoa jina bandia, bado mtu mzima mwenye maneno mazuri anabaki kati ya mhudumu na mtoto. Mfumo wa kompyuta ungezionyesha ofisi kwamba zote zina faili la Anna Kouao. Usingeonyesha kwamba Anna si jina lake.

Kati ya mapendekezo 108, moja linahusu ukalimani. Linasema kwamba pale inapobidi kuzungumza na mtoto kwa ajili ya usalama wake, na lugha yake ya kwanza si Kiingereza, mkalimani lazima atumike. Na asipotumika, sababu iandikwe kwenye faili la mtoto. Wakufunzi hukaa sana kwenye nusu ya kwanza. London ya 1999 haikukosa wasemaji wa Kifaransa, na mazungumzo rasmi na Victoria kwa lugha hiyo, Kouao akiwa nje ya chumba, hayakufanyika katika miezi yote kumi. Wakalimani walikuwepo mjini; kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba wanahitajika. Kouao alikuwa anajibu vizuri, mtoto alikuwa anatabasamu, na saa ilikuwa inakimbia. Nusu ya pili ya pendekezo ndiyo inayomfikia mhudumu huyo. Inamtaka, saa kumi na nusu jioni, aandike kwa mkono wake kwa nini hakuona haja ya kumsikia mtoto, kwenye karatasi ambayo msimamizi, daktari na polisi wataisoma baada yake.